Televisheni Iliyokuwa Ikimleta Kambi

Ganze,
9 Februari 2025

Kwa ndugu yangu Ngumbao,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tupo, tunapumua, na kwa mwaka huu hilo ni jambo la kushukuru. Mvua ya vuli ilitupita kando, mahindi yakabaki mashina matupu, na maji tunayafuata bwawani pamoja na ng'ombe wa watu. Mama anakula kidogo na miguu humvimba jioni. Mwambie mkeo Nelly ile leso aliyonitumia niliivaa kanisani Krismasi, wanawake wenzangu wakaniuliza kama nimeolewa tena. Niliwaambia bado nachagua.

Nimeona nikuandikie kwa mkono, nimpe Sanga wa lori la mahindi akufikishie dukani, kwa sababu simu ya nyumba hii unaijua. Ikilia tu, Mama hutaka iwekwe spika, sauti itoke nje, asikie nani anasema nini. Kusoma hajui, basi karatasi ndiyo mahali pekee palipotubakia wewe na mimi.

Neno lenyewe ni hili. TV imekufa. Wiki jana umeme uliyumba, ikatoa harufu, ikazima. Nasema ile aliyoinunua Kambi alipokuja likizo kutoka Uarabuni, akaifungua kwa akaunti yake mwenyewe, ili kila picha anayoipiga huko kwa simu ijitokeze ukutani kwa Mama TV inapoachwa ikapumzika bila kuzimwa. Mama hakuwa na haja na taarifa ya habari wala michezo. Alikuwa akingoja ipumzike. Kambi kasimama kando ya gari la kazi, Kambi anakula wali, Kambi na shati la buluu. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda akasema, leo mwanangu kaamkaje.

Ngumbao, ni mwaka na nusu sasa tangu yule rafiki yake wa kazini atupigie, Mama akiwa kanisani, akatuambia ndugu yetu alianguka kazini na amezikwa huko huko. Wewe ndiye uliyesema tumfiche Mama mpaka presha ishuke. Presha haijashuka. Wewe uko Malindi, hata Krismasi hukuja, na mimi ndiye ninayeulizwa kila siku kwa nini Kambi hapigi simu. Nimesema tajiri wake ni mkali, nimesema mtandao wa huko ni mbovu. Uongo umeniishia, na ile TV ndiyo iliyokuwa ikinisaidia kuusema.

Kazi yako ni kuuza TV. Niambie ninunue ya kampuni gani, itakayomleta Kambi kama ile. Usiniandikie maneno mengi.

Jambo jingine dogo. Mama ameanza kumwagiza jirani yetu Chengo amletee mnazi, kikombe kimoja tu, anasema ni wa kukandia miguu. Tangu aokoke hajawahi kugusa pombe. Mchungaji akisikia sijui nitauweka wapi uso wangu.

Ni mimi dada yako,
Kache

Malindi,
2 Machi 2025

Dada Kache, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwenye lori la Sanga mpaka ikashika rangi ya chai, maana lori lilivunjika springi na yeye hakuwa na haraka. Nelly amecheka sana habari ya leso, anasema ukishachagua tumtumie picha. Mtoto wetu Mapenzi ameota jino na ameanza kutung'ata sote. Hapa Malindi joto ni kali. Wateja huingia dukani kupunga upepo wa feni yetu, huuliza maswali mengi, kisha huaga.

Sasa kuhusu TV. Watu hudhani TV ni ukubwa wa kioo. Siku hizi vioo vinafanana kama mapacha, tofauti iko kwenye mfumo ulio ndani, ule unaokupokea unapoiwasha. Kuna Google TV, na ya Kambi ilikuwa ya ukoo huo. Kampuni kadhaa huutumia, kwa hiyo jina lililoandikwa mbele lisikubabaishe. Uzuri wake umefungamana na akaunti ya simu, na ina mambo mengi ya kutazama. Ila zile za bei ya chini hujinyoosha kwanza kabla ya kuamka, kama mtu aliyeitwa shambani.

Kuna Tizen, ya Samsung. Hiyo ni nyumba ya mtu mwenye mpangilio, kila kitu unakikuta mahali pake, na picha unaweza kuzituma kutoka kwenye simu yako. Kuna webOS ya LG, ambayo TV zake nyingi zina rimoti ya kuelekeza, unanyoosha mkono na kishale kinakufuata kiooni. Mzee mmoja hapa aliipenda akacheka peke yake dukani, na mwingine akasema inamtia kizunguzungu. Halafu kuna VIDAA, utaikuta kwenye Hisense nyingi. Ni nyepesi, haina makuu. Ukichomeka flashi yenye picha inazionyesha bila kukuuliza umetoka wapi.

Kwa mtu mzima kama Mama ningechukua VIDAA. Kama intaneti ya hapo ni nzuri, basi Google TV. Tizen na webOS nazo hazina neno, ni mtu na moyo wake. Nadhani hapo nimekujibu vizuri.

Hilo la Kambi kuonekana tutaliangalia baadaye. Na kuhusu kuja nyumbani, mwezi huu tunahesabu mali dukani na mwenye duka hataki kusikia habari ya ruhusa. Mwambie Mama nampenda. Akiuliza kama Kambi amenipigia, mwambie mstari ulikuwa mbaya.

Nduguyo,
Ngumbao

Ganze,
6 Aprili 2025

Ndugu yangu Ngumbao,

Salamu. Matone mawili matatu yameanguka na watu wamekimbilia mashambani kana kwamba wameahidiwa. Yule mbuzi mweupe amezaa pacha, mmoja amekufa. Mpe Mapenzi busu la shangazi yake.

Nilikuuliza neno moja, ukanifungulia duka zima. Nimesoma habari ya vishale na flashi mpaka nikalia kwa hasira. Sikukuuliza ipi inaamka haraka. Nilikuuliza ipi itamleta Kambi, na hapo ndipo ulipoandika kwamba tutaliangalia baadaye. Ngumbao, wewe tangu utoto ukiulizwa nani kavunja chungu unaanza kueleza jinsi udongo unavyofinyangwa.

Mama anadhoofika. Bado anakaa kwenye kigoda chake mbele ya kioo cheusi. Zamani aliniuliza kuhusu Kambi asubuhi na jioni. Sasa haulizi, na hilo linanitisha zaidi. Nilimpeleka zahanati, muuguzi akampima, akatikisa kichwa, akaniambia huyu bibi ana mzigo gani moyoni. Nilisema ni uzee.

Nimeamua. Sitaki mpya. Nimeifunga hii hii kwa blanketi nimpe Sanga akuletee, uitafutie fundi. Mama aliniona nikiifunga, akaniuliza inakwenda wapi. Nikamwambia inakwenda kutibiwa. Akasema, "Waambie wasiioshe." Sikumwelewa na sikumuuliza.

Na wewe uje. Nimechoka kudanganya peke yangu.

Dada yako,
Kache

Malindi,
18 Mei 2025

Dada Kache, shikamoo.

Tunaendelea, ingawa Nelly alilala na malaria wiki nzima na mimi nikapika, na Mapenzi akakataa kula nilichopika. Sasa ameinuka. TV ilifika salama.

Ulitaka neno moja. Neno lenyewe ni hapana. Hakuna TV ya kununua itakayomleta Kambi. Nililijua hilo Machi nilipokuandikia, nikashindwa kuliandika. Nilijaribu hapa dukani kwenye Google TV mpya kabisa. Niliingiza akaunti yake, ikaniuliza neno la siri, ambalo Kambi aliondoka nalo. Ikasema basi itatuma tarakimu kwenye namba yake ya simu ya hapa nyumbani. Namba ile, kwa vile ilikaa kimya muda mrefu, kampuni imempa mtu mwingine. Nikaipiga. Nilisikia inaita, Dada, na kwa kitambo kile moyo wangu ulikuwa mjinga, ulidhani atapokea. Alipokea mwanamke mmoja wa Voi anayeitwa Phoebe. Nilipomwomba anisomee tarakimu zilizoingia, alinijibu kwa upole, "Kaka, kaibe kwingine," akakata. Ana haki, matapeli ndivyo wanavyosema.

Basi si kosa la Tizen wala webOS wala nyingine yoyote. Mlango mpya wa akaunti ile hauna ufunguo mwingine ila Kambi. Ni ile TV yake tu ambayo haijawahi kufungwa tangu aifungue kwa mkono wake, na kama kumbukumbu yake ni nzima, huenda bado inamjua. Nimempa Kalama, fundi aliye nyuma ya duka letu, nikamwambia aiguse kama anavyogusa yai.

Kalama alipoifungua aliniita. Ndani kulikuwa na sisimizi, kundi zima, wamefuata utamu. Dada, uliniandikia umeme. Kalama anasema umeme hauachi alama ile. Ni kinywaji kilichomwagwa juu ya ukingo wa kioo, si mara moja, kimekauka tabaka juu ya tabaka mpaka kikafika kwenye kipande cha umeme. Alinusa, akaninyooshea nami ninuse. Kalama ni mtu wa Rabai, kwa wagema mnazi, mambo haya haelezwi.

"Huu ni mnazi," akaniambia. "Kwenu mnamwombea nani kwenye TV?"

Nilitoka nje nikakaa juu ya matofali. Mimi si mtu wa kuombea koma, hao wazee waliokufa, na wewe ni mama wa kanisa, lakini tumelelewa nyumba moja na tulimwona Baba akiwapa wazee wake. Mtu aliye hai hamwagiwi mnazi. Aliye Uarabuni huombewa safari njema, hulaumiwa kwa nini hapigi simu. Wa kumwagiwa ni aliyekufa.

Nani alikuwa akimwaga? Na kama ni Mama, amejua tangu lini? Je, ulimwambia?

Nijibu upesi.
Ngumbao

Ganze,
27 Julai 2025

Kwa Ngumbao,

Salamu za nyumbani. Mahindi yalichanua yakakauka, tumewapa mbuzi. Nelly nampa pole ya malaria, ingawa pole yenyewe imechacha njiani. Sanga hana lawama safari hii. Amepita hapa kila wiki, nikampa kila kitu isipokuwa barua.

Sikumwambia Mama. Nilimwona. Mara ya kwanza nilidhani anafuta vumbi. Mara ya pili niliona kata mkononi mwake, akangoja Kambi ajitokeze, akamwaga kidogo juu yake, akasema naye taratibu kama anavyosemeshwa mtoto mgonjwa. Nilirudi nyuma nikaingia jikoni. Nikajiambia anampa Baba. Lakini koma ya Baba, kile kigingi chake, iko nyuma ya nyumba na Mama anaijua njia yake, na Baba hakuwahi kuonekana kwenye TV hata siku moja. Nilikuandikia umeme kwa sababu kuandika mnazi kulikuwa ni kuandika kwamba Mama anajua, na kama anajua, muda wote huu nimemdanganya nani?

Barua yako niliisoma, nikaificha chini ya godoro, nikaitoa tena. Wiki iliyopita Mama alinikuta nayo. Aliuliza ni ya nani. Nikasema ya Ngumbao. Akakaa kwenye kigoda chake, akaniambia, "Isome. Sauti itoke nje."

Nikasoma. Nilimsomea hata habari ya yule mwanamke wa Voi. Nilipofika kwenye sisimizi nikaikunja karatasi, akasema niendelee, nikaendelea mpaka mwisho wa karatasi. Kisha akasema, nami nakuandikia kama alivyosema.

"Mtu aliye hai hunyoa ndevu, hunenepa, hununua shati jingine. Nilimtazama mwanangu kila siku. Picha zikawa zinarudi zile zile. Nikangoja mpya. Nikangoja mpaka tukavuna, nikangoja tena. Nikajua."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia kitu.

"Simu mlipokea nyinyi," akasema. "Msiba hutangazwa na aliyeupokea. Nilikuwa nawangoja. Mwanangu hana hanga la kumlilia, hana kaburi, hana mtu wa kumtaja, na mimi sina ruhusa ya kulia ndani ya nyumba yangu. Nikampa mnazi pale alipokuwa."

Halafu akalia, Ngumbao. Alilia mpaka majirani wakaja mbio kutoka mashambani, na mimi nikasimama mlangoni nikawaambia wote kwamba Kambi amekufa. Neno lile nililitoa kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Presha haikumuua. Alilala siku mbili, siku ya tatu akaomba uji.

Sasa sikiliza. Anataka Kambi azikwe. Anasema ndugu wa babu yake alikufa kwenye vita vya Burma, mwili haukurudi, wakazika mkeka wake alioulalia, na koma yake ikatulia. Hapa nguo za Kambi hazipo, alizigawa zote alipokuwa anaondoka. Kilichobaki chake ni kimoja. Amesema, mwambie Ngumbao asiitengeneze, ailete. Nilimwambia Mama, TV ni mashine. Akanijibu kwamba mkeka nao ulikuwa ukindu.

Mchungaji hakufurahi, lakini atakuja kuomba. Amesema Mungu anamjua aliyelala Uarabuni na atajua tunamaanisha nini. Chengo amekubali kuchimba. Alimuuliza Mama shimo liwe la ukubwa gani, kwa vile kitu chenyewe ni kidogo. Mama akamwambia, "La Kambi."

Hanga ni Ijumaa ya pili ya Agosti. Usinitumie udhuru kwa mkono wa Sanga. Njoo.

Kache

Malindi,
5 Agosti 2025

Dada Kache, shikamoo. Ya Mama nitampa mwenyewe, ana kwa ana.

Nimepata barua yako leo asubuhi, na imechelewa kwa siku moja. Kalama alimaliza kazi jana. Alisafisha, akabadilisha kipande cha umeme, tukaitundika ukutani dukani kati ya zile mpya ili tuone kama itakaa. Ilikaa. Nilikuwa na mteja, mwalimu mmoja wa Kakuyuni, ananiuliza tofauti ya Tizen na webOS, nami nikamweleza vizuri kama nilivyokueleza wewe. TV zote zilikuwa zinaonyesha maua na samaki wa kuvutia wateja. Ile ya kwetu ikapumzika. Kambi akatokea na shati lake la buluu.

Mwalimu aliniuliza hiyo ina mfumo gani, mbona mtu yule kama yumo humu ndani. Niliingia stoo nikalia, na sikuwa nimelia tangu siku ile ya simu. Ndiyo maana sikuja Krismasi, Dada, wala Pasaka. Mama angeniangalia usoni mara moja tu, angejua.

Baadaye jana nilifurahi. Nilitayarisha barua kichwani, kwamba amepatikana, kwamba Mama atamwona tena kila asubuhi, kwamba tunaweza kuendelea kama zamani. Kisha Sanga akanipa yako. Nimeisoma huku Kambi akipita juu yangu ukutani, anakula wali, anaegemea gari, anacheka na mtu tusiyemjua. Nimemtazama mpaka alipoanza kurudi, zile zile, kama Mama alivyosema.

Nimepiga picha moja kwa simu yangu, ile ya kucheka, ya kuweka mezani siku ya hanga. Kalama aliuliza kama tuifungue tuichafue tena, maana Mama alisema isioshwe. Nikamwambia Mama atampa Kambi mnazi mwenyewe, kaburini. Nelly ametoa shuka jeupe jipya la kuifungia. Tutafika Alhamisi, sisi sote na mtoto. Mwambie Chengo asimalize shimo, aniwekee jembe.

Kalama alitaka kuiteremsha, nikamkatalia. Niliichomoa mimi, nikaibeba kifuani mpaka nyuma ya duka. Ilikuwa bado ina joto.

Nduguyo,
Ngumbao